Wimbo Nilioiba kwa Rabia

Jumapili, 22 Aprili 1979

Leo tena kwaya yangu imeimba "Nilikuwa Nje". Wanawake watatu wameokoka papo hapo, wakilia. Wimbo wangu! Na mimi nimekaa mkavu kama kuni, nikihesabu mapigo. Baada ya ibada Mzee Ondoga, kiongozi wa waliookoka hapa Mvara, akaniuliza tena mbele ya watu niliokoka lini. Kila mmoja ana tarehe yake. Nimemjibu kwamba Bwana bado ananishughulikia. Uongo mtupu. Miaka mitatu natunga nyimbo za wokovu na sijui wokovu una ladha gani. Inaudhi!

Jumatano, 25 Aprili

Jirani amerudishiwa jembe lililoibwa mwaka 1968. Mwizi kaokoka. Ndiyo desturi yao: ukitubu, rudisha. Jana mwingine kaleta kuku, na vifaranga sita juu. Mimi nirudishe nini? Jibu nalijua — ndiyo maana naandika kwa Kiswahili nilichojifunza kwenye bendi ya polisi. Mke wangu husoma Kilugbara tu.

Tuni ya "Nilikuwa Nje" si yangu. Ni ya Rabia, Mnubi Mwislamu wa upande wa pili wa ua, anayeimba kwenye harusi na ngoma yake ya doluka. Mwaka 1976 nililala na malaria siku nne, yeye akipepeta mtama na kuimba. Nilipopona nikaipachika maneno ya Yesu. Nikatangaza imenijia katika maombi.

Jumamosi, 28 Aprili

Harusi kwa Rabia. Wakauimba wimbo wenyewe, kwa maneno yake ya harusi, doluka inalia. Vijana wa kwaya walikuwa wanatoka mazoezini. Mwaka jana, serikali ikiwa yao, nani angethubutu kugusa nyumba ya Mnubi? Lakini tangu redio iseme Kampala imeanguka, kila mtu simba. Kasimiro, besi wangu, akapiga kelele kwamba huyu mama ni mwizi, anaudhihaki wimbo wa Bwana. Akaingia na kisu. Akapasua ngozi ya ngoma.

Rabia hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, ng'ambo ya ua. Akangoja.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba!

Alhamisi, 3 Mei

Rabia kahama. Yuko Koboko kwa kaka yake Zubeiri. Nimejaribu kutunga wimbo mpya. Ubeti mmoja. Nimeuchana.

Jumatano, 9 Mei

Nimeenda kwa Mzee Ondoga, nimetoa yote. Nilidhani atapiga magoti pamoja nami. Akafunga mlango! Ati watu mia mbili wameokoka kwa wimbo ule. Nikisema umetoka kwenye ngoma ya harusi ya Waislamu, nitawaangusha. Niungame kwa Mungu, kimya.

— Hii maneno iache hapa ndani, mwalimu.

Mbona la jembe halikunong'onwa? Lilitangazwa na makofi yakapigwa! Nimepiga mawe mateke njia nzima. Kidole kimevimba.

Ijumaa, 11 Mei. Koboko

Baiskeli tangu alfajiri, pancha mbili. Nimemkuta Rabia anafunga masufuria ndani ya mkeka. Lori la Zubeiri linavuka mpaka wa Oraba kuingia Sudan Jumatatu asubuhi. Nikapiga magoti. Nikalia — hatimaye! Nikasema nimekuja kuurudisha wimbo.

— Unarudisha kwa nani? Hapa Koboko nani hapana jua hii wimbo iko yangu? Hata kuku najua.

Zubeiri akacheka. Rabia hakucheka.

— Kule Mvara waliniita mwizi. Wewe iko pale, nafunga kiatu. Enda sema kule.

Kisha akanipa chai. Chai nzuri, na tangawizi. Nina hasira naye! Kilomita zote hizi, mtu anatubu, na yeye anakunja mkeka. Kumbe nilitaka msamaha wa kufunga nyuma ya baiskeli, nirudi nao kimyakimya kama mzigo wa muhogo. Ana haki. Na hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 13 Mei

Nimesema.

Nilipoinuka, kanisa zima likainuka nami, vitabu wazi. Walidhani naanzisha wimbo. Nikawaambia kaeni. Nikasema wimbo ni wa Rabia, yule mliyempasulia ngoma, na mimi nilijua, na nilikuwepo, nikanyamaza. Sauti yangu ilikuwa mbaya, kama ya mbuzi. Hakuna aliyelia. Mzee Ondoga akatangaza wimbo mwingine upesi upesi. Mabenchi mawili tu yakaimba. Mlangoni akaniambia nisikanyage tena kwenye kwaya.

Nuru sikuiona. Najisikia njaa tu, ile ya mtu aliyetoka kwenye homa. Mke wangu hanisemeshi, lakini ananijazia sahani.

Kasimiro kakaa uani kwangu tangu saa saba, kofia magotini. Nikatoka, nikamuuliza kama amekuja kunipiga. Akatikisa kichwa. Akageuzageuza kofia mpaka nikachoka kusimama.

— Mwalimu, njia ya Koboko iko wazi bado?

Nimemwambia hakuna anayejua, vita vinasogea huku, na lori la Rabia linaondoka kesho asubuhi. Yuko nje sasa, anajaza upepo baiskeli yangu.