Tairi la Nyuma Ulilolifunga Wewe

Munuki, Juba
Jumapili, wiki ya mvua za kwanza

Baba,

Nimebadilisha tairi la nyuma.

Nimeanza na hilo kwa sababu ungeniuliza hilo kabla ya salamu. Mtu akirudi safari, wewe ulikuwa unainama kwanza kutazama magurudumu, ndipo unainua macho kumtazama mwenyewe. Mama alikuwa akisema ipo siku utayauliza magurudumu habari za nyumbani. Haya, habari za nyumbani ni njema, Baba. Mama anakula. Kibanda cha mboga bado kipo, na mimi ndiye ninayekwenda soko la Jebel, chini ya mlima, kila asubuhi kuchukua nyanya na bamia kwa pikipiki yako.

Nakuandikia kwa Kiswahili, kile tulichorudi nacho kutoka Kenya. Nyumbani tuliongea Kibari na sokoni Kiarabu, lakini juu ya pikipiki ulinisemesha Kiswahili tu, nami nyuma nimekushika koti. Sasa hakuna anayenisemesha lugha hii nikiwa juu yake. Wakati mwingine najisemesha mwenyewe.

Tairi lile ulilifunga ukiwa umeshaanza kuumwa. Nakumbuka ulikaa kwenye kigoda, ukaingiza upande mmoja wa tairi kwenye rimu, ukapumzika, ukaomba chai, halafu ukamalizia upande wa pili. Nilitaka kukusaidia ukasema, "Acha, mama, hili ni langu." Hukufunga kitu kingine tena baada ya hapo, ingawa uliliendesha muda mrefu kabla ya kulala kitandani.

Tulipokuzika, wazee walisema vitu vyako visiguswe mpaka arobaini. Koti likabaki kwenye msumari, kikombe kikabaki dirishani. Arobaini ilipofika tulisali, watu wakala, baba wadogo wakagawana nguo. Tairi hakuna aliyelitaja. Mimi nikaendelea kuendesha nalo.

Ulinifundisha kuchomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji wa tairi. Kichwa kikizama, nenda. Kikichungulia, jiandae. Kikisimama nje chote, kaa nyumbani. Kiangazi chote nilipima. Kichwa kilipoanza kuchungulia, nikaacha kupima.

Vijana wa stendi ya pikipiki waliona. Unawajua midomo yao. "Dada Keji, hiyo tairi unanyoa na wembe ama na sabuni?" Mwingine akasema, "Muache, hiyo iko kipara kama kichwa ya askofu, labda imebarikiwa." Nilicheka nao. Ningewaambia nini? Kwamba nikilitoa, hakutabaki kitu kwenye pikipiki ile kilichofungwa na mikono yako?

Kisha mvua ikaja.

Nilikuwa nampeleka Mama kliniki ya presha. Unajua hapandi pikipiki ya mtu mwingine. Alikaa upande kama alivyokaa nyuma yako, mkono mmoja kwenye bega langu. Tulipofika pale barabara inaposhuka, kwenye udongo mwekundu, nilihisi nyuma inaondoka. Haikuruka wala kupiga kelele. Iliondoka polepole, kama mtu anayetoka kanisani kabla ibada haijaisha. Nikakumbuka sauti yako: "Usiguse breki. Iache ijirudie yenyewe." Nikaachia mafuta, nikashika usukani bila kuubana, na pikipiki ikasogea, ikasogea, ikasimama ukingoni mwa mtaro. Hatukuanguka. Nyanya mbili tu zilizobaki kwenye kikapu tangu asubuhi ndizo zilizoanguka.

Mama alishuka, akaifunga vizuri kanga yake, akalitazama tairi, akanitazama mimi. Akasema, "Keji, baba yako alishashuka kwenye hii pikipiki. Mimi bado niko juu."

Baba, ni hayo tu aliyosema. Tukatembea mpaka kliniki, mimi nasukuma pikipiki, yeye ananyoosha mwavuli juu ya kichwa changu.

Kesho yake nilikwenda kwa Wani, yule fundi wa karibu na stendi aliyekuwa anabishana na wewe kila siku kuhusu upepo wa tairi, wewe ukisema mwingi, yeye akisema kidogo. Alifungua gurudumu, akaingiza vyuma vyake, akalitoa tairi. Nilitaka kutazama pembeni. Lakini yeye aliacha kazi. Alilishika tairi kwa mikono miwili, akalizungusha taratibu, akapitisha kidole gumba katikati. Halafu akawaita wenzake. "Njoo muone hii kitu."

Sikujua wanaona nini mpaka alipouchukua mkono wangu akauweka pale.

Katikati lilikuwa limelika sawasawa pande zote. Hapakuwa na mahali palipokwanguliwa na breki ya ghafla, wala bonde, wala kovu, na miezi yangu michache haikutosha kuiharibu kazi yako. Na kwenye mabega ya tairi, Baba, zile nywele nyembamba za mpira linazotoka nazo dukani zilikuwa bado zipo. Zimejaa vumbi, lakini zipo. Wani alisema matairi anayoyatoa ya barabara hizi zetu huja yamechanika kabla ya mvua ya pili. Lako lilikwisha kwa kuisha tu, kama sabuni inavyoisha. Akaniuliza, "Huyu mzee yako alikuwa anaendesha pikipiki ama alikuwa anaibeba?"

Vijana wale walionitania wakasogea, nao wakalishika. Mmoja alivua kofia.

Mimi nilikujua kama baba. Nilijua unakohoa vipi, unapenda chai ya aina gani. Sikujua kwamba kila siku uliyopita na mzigo, na Mama, na mimi, na wagonjwa wa jirani, ulikuwa unaigusa ardhi kwa upole namna hiyo. Hilo nimelisoma kwa vidole kwenye tairi.

Tairi jipya halikunipenda. Ulishasema, "Tairi jipya halimjui mtu, linateleza kama samaki, litembeze kwanza." Kwa hiyo sikumpakia Mama. Nililitembeza peke yangu asubuhi, mwendo wa mgonjwa, kwenye changarawe chini ya mlima, nikienda na kurudi, mpaka ule mng'aro wa dukani ukatoka na mpira ukawa na ngozi ya kawaida. Nikasimama, nikaweka kiganja juu yake kama ulivyokuwa ukifanya. Lilikuwa na joto kidogo tu; lenye upepo mdogo huchemka. Wani angesema upepo umezidi. Wewe ungesema umetosha.

Jana nilimpeleka Mama kliniki. Mvua ilikuwa imenyesha. Pale mteremkoni nilimsikia ameacha kupumua, na mimi pia. Tairi liling'ata udongo, tukapita. Mama akanipiga begani mara moja, kama alivyokuwa akikupiga wewe, maana yake "endelea".

Nilipokuwa mdogo ulimwagia gurudumu maji, ukaliweka juu ya kipande cha katoni, ukanikalisha kwenye kiti cha pikipiki, kisha ukanishusha na kunionyesha alama iliyobaki. Haikuzidi kiganja changu kwa ukubwa. Uliniambia, "Mama, sisi sote tunakaa hapa." Nilidhani unanitania. Jana, nikiwa na Mama nyuma yangu na maji yanapita kila upande, niliamini. Padogo vile, Baba! Na ulitukalisha hapo miaka yote, nasi tukisinzia.

Tairi lako sikumwachia Wani. Mama aliagiza lirudi nyumbani. Tumeliweka juu ya paa la bati la jikoni, kwenye ile kona iliyokuwa inapigapiga upepo ukitoka Jebel, ile uliyosema utaishughulikia. Upepo wa usiku wa kuamkia leo ulikuwa mkali. Bati halikupigapiga.

Nakuahidi njiti ya kiberiti haitakosekana mfukoni mwangu tena, na nitakachokiona nitakikubali. Sitakimbiza pikipiki hii nikiwa na mtu nyuma. Siku likiisha hili jipya, nataka Wani alipitishie kidole asipate kovu.

Lala salama, Baba. Na mvua ikinyesha huku Juba, utukumbuke. Tuko wawili, bado tuko juu.

Mwanao,
Keji