Mgeni Aliyeuliza Mara ya Pili

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi, na huyo mwanangu mdogo ambaye mimi shangazi yake namjua kwa picha tu. Natumai baridi ya huko haijawashinda, na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekuacha. Sisi huku tunapumua. Mvua imenyesha vizuri, paa la jikoni limezibwa, na cherehani bado inanilisha ingawa pedali yake inalia kama mbuzi aliyefungwa.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nikikupigia, Mama huwa ubavuni mwangu akingoja zamu yake, na haya ninayotaka kukuambia hayasemeki mbele yake. Barua hii nampa mgeni wetu, Mama Kweli, anayeondoka kesho. Ataitia posta akifika kwao.

Huyu mgeni nimewahi kukutajia juu juu. Ni mwalimu mstaafu kutoka ng'ambo, mama mtu mzima, aliyekuja kujitolea kuwafundisha watoto wa shule yetu kusoma. Mwalimu mkuu alizunguka kijiji kizima akimtafutia pa kulala, nami nikasema chumba chako kipo, kama atavumilia panya. Mama hakupenda. Alisema chumba cha mwanawe si nyumba ya wageni, akaninunia. Lakini alipomwona yule mama ameshuka na sanduku lake, vumbi mpaka kwenye nyusi, aliinuka akachukua ufagio mwenyewe.

Mwanzoni alitupa vituko. Jiko la mkaa lilimtoa machozi asubuhi nyingi, akawa anakwenda shuleni macho mekundu, watoto wakidhani kafiwa. Ndoo alikataa kusaidiwa. Ilitoka bombani imejaa, ikafika nyumbani nusu, nusu nyingine ameivaa. Kiswahili alikisema bila kuogopa, hata pale alipopaswa kuogopa. Jumamosi moja alipita dukani na beseni la nguo chafu, akawatangazia wanaume waliokaa pale kwamba anakwenda bombani kuvua nguo. Mwenye duka alimwambia kwa adabu, "Haya, mama, salama," kisha akajificha nyuma ya magunia ya sukari akacheka mpaka akakohoa. Nilipomweleza tofauti ya kufua na kuvua, yeye ndiye aliyecheka kuliko sote.

Jina la Mama Kweli alilipata kwa salamu. Unajua sisi, mtu akituuliza habari tunajibu nzuri hata kama nyumba inaungua. Yeye hilo hakulijua. Ukimjibu nzuri, alisimama, akakutazama usoni, akauliza, "Kweli?" Halafu akangoja. Fundi baiskeli alijikuta anamsimulia habari za mgongo wake. Muuza mkaa, ambaye hasemi na mtu, alimwambia kwamba mkewe amerudi kwa wazazi wake. Watoto ndio waliompachika jina hilo, sisi wakubwa tukafuata.

Yeye na Mama wakawa chanda na pete. Akitoka shuleni, walikaa barazani wakimenya maharage, huyu anasema hiki, yule anajibu kile, na wote wawili wanacheka. Mimi nilikuwa hapo hapo, nashona. Nilishukuru kwamba Mama amepata wa kumshughulisha, nikapata nafasi ya kumaliza sare za watu.

Mdogo wangu, majuto ni mjukuu. Sasa kila nikikaa nakumbuka jambo jingine. Mama ndiye aliyekuwa akinitungia uzi kwenye sindano. Akaacha, akasema mikono imechoka, nami nikaamini. Wali wetu ukawa na mawe. Nikamgombeza mbele ya wateja, nikimwuliza kama siku hizi anachambua mchele usingizini. Alicheka tu, akasema uzee hauna dawa. Akimimina chai, alitia kidole ndani ya kikombe, nikamwambia aache uchafu. Kumbe alikuwa akipima chai imefika wapi.

Kisha wakaanza safari za mjini, yeye na Mama Kweli. Waliaga asubuhi kwamba wanakwenda sokoni, wakarudi jioni na vitunguu viwili vitatu. Niliwatania kwamba vitunguu hivyo lazima vimelimwa mbinguni. Walitazamana, wakaingia ndani.

Wiki hii, siku zake za kuondoka zilipokaribia, Mama Kweli aliniita nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake. Niliona midomo ikimtembea kabla hajaanza. Akasema, "Dada, nimeapa kwa Mama nisiseme. Lakini mimi nikienda, nani atatia dawa? Mama haoni. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona kidogo, kama mtu anachungulia tundu la ufunguo."

Nilimwambia hajamwelewa Mama, Kiswahili kimempiga chenga tena. Ndivyo nilivyomjibu. Hakubishana. Alitoa mfukoni kichupa cha matone ya macho, akakiweka mkononi mwangu.

Nilimpeleka Mama mjini mimi mwenyewe. Daktari wa macho alimpokea kama mtu anayemfahamu. Akanieleza kwamba ni presha ya macho, ugonjwa unaoiba polepole bila maumivu, na kilichokwisha kuibiwa hakirudi, si kwa miwani wala kwa kisu. Matone yanaweza kuchelewesha kupotea kwa hicho kilichobaki. Kwa muda gani, hakuthubutu kusema. Akaniuliza kama naishi mbali na mama yangu. Nikasema tunaishi nyumba moja. Akainamisha kichwa, akaendelea kuandika.

Tukirudi, nilimwuliza Mama kwa nini amwambie mgeni, sisi aliotuzaa atufiche. Hakukasirika. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, wewe uliniuliza nimeamkaje huku unavaa viatu. Nikisema salama, ulikuwa umeshatoka mlangoni. Mwenzako hakutoka."



Mama Kweli aliomba aongezewe muda, waliomtuma wakakataa. Amenifundisha namna ya kumwinamisha Mama kichwa na kuivuta kope ya chini ili tone liingie. Mara ya kwanza lilidondoka shavuni, nikaanza kulia, na Mama akanibembeleza mimi, mgonjwa akimbembeleza mwuguzi.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Mama ameniapisha nisikuambie. Anasema umehangaika mpaka ukapata kazi, na ukisikia habari hii utatupa kila kitu chini uje mbio. Nimekubali kwa mdomo. Moyo umekataa. Nimekwisha kukosa kuona kilichokuwa mbele yangu, na sitaki nawe ukose kwa sababu mimi nimenyamaza.

Mwanao anakaribia kuanza shule na Mama hajamwona hata siku moja. Picha zake ukizituma, Mama hunipa nimsimulie: amevaa nini, anacheka au amenuna, masikio ni ya upande gani. Nilidhani anapenda tu masimulizi yangu. Jana nilimkuta peke yake, ameishika picha ya mwisho mliyotuma, anaigeuza huku na huku kwenye mwanga. Ilikuwa juu chini.

Usitume nyingine. Mlete mtoto. Msimamishe karibu na dirisha, upande wa kushoto, bibi yake amwone.

Mwenye duka anakusalimu, na fundi baiskeli pia, mgongo wake na yeye. Mwambie wifi nampenda, na asikasirike nikikuharakisha. Salamu za Mama siziandiki, kwa sababu hajui kwamba nimeshika kalamu. Wako chumbani kwako wanafunga sanduku, yeye na Mama Kweli, na kutoka hapa barazani nasikia kwamba leo hawacheki.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.