Firigisi Katika Supu ya Makaroni

Alunguli, Kindu
Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024

Kwako Yaya Zéphirin, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na wifi Odile na watoto wote, nikitumaini barua hii itawakuta wazima huko mjini Kama. Kile kikohozi cha vumbi la machimbo kimepoa? Sisi huku tuko salama. Mvua imekata, karanga zimekauka vizuri, Princesse wangu amefaulu mtihani wa darasa la sita, na mume wangu Rémy bado anaahidi kutengeneza paa la jikoni, kama alivyoahidi mwaka jana na mwaka juzi. Baba anatembea kwa fimbo, meno yamebaki machache, lakini ulimi ni uleule unaoujua.

Barua hii nimempa Destin, dereva wa pikipiki anayeleta bidhaa huko kwenu. Tafadhali, isome ukiwa umekaa.

Jana nilipika supu ya makaroni, ile Mama aliyofundishwa na masera Claire, yule mtawa Mwitaliano, alipokuwa akiwapikia masera kule misheni. Siku hizi makaroni yanauzwa hadi kwenye vibanda vya hapa mtaani, kwa hiyo si chakula cha ajabu tena. Nilikaanga vitunguu na karoti kwa mafuta ya mawese, maana ya zeituni aliyoyataja masera sijapata kuyaona, nikatia nyanya, seleri, maharage yaliyokwisha kuiva, na kuku aliyekatwa vipande vidogo vidogo. Makaroni huingia mwisho, na hapo huruhusiwi kuondoka kwenye moto, la sivyo yanashikamana chini ya sufuria na kuungua. Baba anaipenda kwa sababu haihitaji meno.

Unakumbuka Mama alivyobishana na masera juu ya supu hii. Masera alisema nyama yote ikatwe sawa, kila mtu apate kile kijiko kitakachomletea. Mama aliitikia kwa adabu, akakata hivyo jikoni kwa masera. Lakini nyumbani kwake firigisi hakuikata hata siku moja. Aliifunga uzi mweupe ili ionekane katikati ya makaroni, kwa kuwa kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mwana akiila baba akiwa hai, ni kama amemzika.

Najua hupendi kukumbushwa mwaka ule wa 2000, ila leo sina njia ya pembeni. Treni zilikuwa zimesimama kwa vita, chumvi tuliipata kwa vijiko, na Baba, mfanyakazi wa reli, alikuwa amekwama Kibombo miezi saba na treni yao. Wewe ulikuwa na miaka ishirini. Wewe ndiye uliyekwenda shambani wakati watu wazima waliogopa njia, majirani wakaanza kukuita papa wa nyumba, yaani baba mwenye nyumba, na jioni ulikaa kwenye kiti cha Baba kwa sababu kilikuwa kimebaki hicho tu. Baba aliporudi kwa miguu, mifupa mitupu, Mama alichinja kuku wa mwisho, akatoa pakiti mbili za makaroni alizoachiwa na masera Claire siku masera walipohamishwa. Kila mtu alifurahi, isipokuwa Baba mwenyewe, ambaye alikuwa ameshasikia kwa majirani lile jina lako jipya.

Baba mdogo Blanchard alikuwepo mezani. Baba alizungusha upawa ndani ya sufuria mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na uzi haukuonekana. Mama aliapa kwamba aliitia mwenyewe. Baba hakuuliza mtu mwingine yeyote. Alikutazama wewe, akasema yale maneno ambayo wote tuliyasikia:

"Kama weye njo baba sasa, enda utafute nyumba yako."

Uliapa, Mama akalia, Baba akakugeuzia mgongo. Kesho yake ulishika njia ya Kama. Mama alipofariki mwaka 2011, habari ilikufikia baada ya majuma matatu. Ukaja, ukalala kwa jirani, ukamjengea kaburi la saruji, ukaondoka bila kuvuka kizingiti cha nyumba.

Sasa sikia. Jana nilimpakulia Baba firigisi yake na uzi wake. Akaitoa kwenye sahani, akampa mtoto wangu mdogo, Ange, akimwambia aitafune yeye mwenye meno, halafu akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kitu hicho kidogo kilimgharimu mtoto mwanaume. Nikamwambia palepale kwamba niliila mimi.

Ni kweli, Yaya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Mama aliniweka nikoroge makaroni yasiungue, na ile harufu ilinishinda. Niliitoa ikiwa moto, sikuitafuna hata vizuri, uzi nikautupa kwenye makaa.

Baba aliniuliza neno moja tu: "Njo wewe?" Nikaitika kwamba ndiye mimi. Aliisukuma supu pembeni. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi, akataka Destin aitwe. Jumatatu ijayo anakuja Kama, siku mbili juu ya pikipiki, kwa umri ule. Baba mdogo Blanchard amegomba sana, anasema baba haendi kwa mwanawe kuomba radhi, uitwe wewe mbele ya wazee. Baba amemjibu kwamba aliyekosa ndiye anayebeba kuku, na kuku ameshamchagua.

Limebaki neno moja, na hili sikumwambia Baba. Utadhani nilinyamaza kwa kuogopa fimbo. Siku ya kwanza, ndiyo. Lakini siku ya tatu Mama alisahau kwamba umekwenda, akakata bugali ya watu wote, na sehemu yako ikabaki juu ya meza. Akaisukuma kwangu. Nikaila, na kuanzia hapo ikawa yangu kila siku mpaka vita vilipopungua. Nilijua kwamba nikisema utarudi, na ukirudi sehemu hiyo ni yako. Nyumbani tulikuombea kila jioni. Mimi niliomba Mungu akulinde, Yaya. Sikuomba akurudishe.

Ukinikasirikia, una haki, nami sitajitetea. Ila hasira hiyo iwe yangu peke yangu; Baba umpokee, amebakiwa na nguvu za safari moja. Kama hutaki kumwona, mwambie Destin kwa mdomo kabla hajageuza pikipiki.

Msalimie wifi Odile, uwabusu watoto ambao sijawaona. Princesse na Ange wanakusalimu, Rémy pia. Mungu awatunze wote.

Ni mimi mdogo wako,
Francine