Jeni, Siyo Jini

12 Februari

Kwa binti yangu mpendwa,

Salamu zetu zikufikie huko kwenye baridi. Sisi hatujambo. Mama yako mzima isipokuwa goti, nami mzima, na kazi za kutengeneza mafriji zinakwenda. Wewe je, umeshapata koti la maana?

Nina kesi nawe. Uliniambia kwenye simu kwamba unachunguza jeni za samaki. Nami kwa furaha nikamweleza kinyozi wa hapa jirani, na unamjua, mdomo wake hauna breki. Juzi shangazi yako kaingia kwenye karakana yangu analia. Kasikia unachunguza majini ya baharini, anataka uombewe haraka. Nikamwambia ni jeni, siyo jini. Akauliza tofauti yake nini, nikababaika kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Basi niandikie kwa maneno ambayo fundi wa friji atayaelewa, ili dada yangu alale.

Baba yako

3 Machi

Shikamoo Baba,

Nimecheka mpaka wenzangu wa maabara wakaja kuuliza kulikoni. Mimi ni mzima, na koti ninalo, zito kama godoro. Mpe mama pole ya goti.

Mwambie shangazi kwamba kila kiumbe ana maandishi ndani ya mwili wake, aliyoyarithi kwa wazazi. Jeni ni mafungu ya maandishi hayo. Yanaponakiliwa kwenda kwa mtoto, mara chache herufi hukosewa, na kosa hilo nalo hurithiwa. Nikilinganisha samaki wawili, wenye makosa yanayofanana wana babu wa karibu, na wanaotofautiana sana waliachana zamani mno, pengine mamilioni ya miaka. Hapo ninapanga ukoo wao, kama shangazi anavyopanga ukoo kwenye harusi, huyu wa kwetu, yule wa upande ule.

Samaki wangu wanaishi chini ya barafu, kwenye maji ambayo samaki wa kwenu angeganda. Wao damu yao ina protini inayokishika kipande cha barafu kingali kidogo na kukizuia kisikue. Wengine hata wekundu wa damu hawana, damu yao ni kama maji. Jeni ya wekundu iliharibika kwa babu yao, na mabaki yake bado nayaona, kama bomba la zamani lililoachwa ukutani.

Mwanao

25 Machi

Binti yangu,

Tunamshukuru Mungu kwa uzima wako. Goti la mama linaendelea vizuri.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Maisha yangu yote napigana na barafu kwenye friza za watu, kumbe kuna samaki anaizuia bila umeme. Shangazi kaelewa lile la ukoo mara moja, na sasa hataki kunyamaza.

Kinyozi ndiye mbishi. Alisema damu isiyo nyekundu ni uongo, akaniambia mbele ya wateja, "Barafu, uzee umekuingia." Unajua jina hilo alinibandika yeye, na mtaa mzima umesahau nililopewa na wazazi. Nikiitwa hivyo huwa naitika kwa shingo upande. Lakini siku ile sikujali. Naona fahari juu yako, mwanangu, wala sikufichi.

Baba yako

9 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi afya ninayo, usingizi ndio umepungua, kwa furaha.

Kuna samaki ambao wataalamu wote waliwahesabu kuwa aina moja. Ukiwaweka mezani huwezi kuwatofautisha. Nimesoma jeni zao na nimekuta ni koo mbili zilizoachana zamani sana. Mmoja wao hana jina katika sayansi. Makala yangu ikikubaliwa, jina nitampa mimi.

Tafadhali usimwambie mtu kwanza, hasa kinyozi.

Mwanao

30 Juni

Binti yangu,

Habari za huko? Huku kwema.

Nimemwambia kinyozi. Usinikasirikie, nilikuwa kwenye kiti chake na habari ilikuwa imenijaa mpaka kooni. Kacheka, akaapa mbele ya watu kwamba siku samaki huyo akipata jina, atanyoa masharubu yake. Unayajua masharubu yale, huyapaka mafuta kabla hajanywa chai. Mtaa mzima sasa unasubiri.

Baba yako

14 Oktoba

Shikamoo Baba,

Mimi mzima wa mwili tu.

Makala imekataliwa. Mtaalamu mmoja mkongwe aliyeombwa kuipitia, ambaye kila mtu humsikiliza, ameandika kwamba nilichanganya vichupa vya sampuli, na kwamba koo zangu mbili ni uzembe wangu. Msimamizi wangu anasema ninaweza kuiondoa sehemu hiyo na kumaliza shahada kwa kazi iliyobaki. Naelekea kukubali. Nisamehe kwa aibu niliyokuletea mtaani.

Mwanao

2 Novemba

Mwanangu,

Pole sana. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Aibu ya mtaani niachie mimi, nina mabega. Nakuuliza moja tu. Je, wewe mwenyewe unaamini ulifanya sawasawa? Mteja akinirudishia friji akidai halipozi, sibishani naye. Nalifungua upya mbele ya macho yake. Kama kosa ni langu, sote tutaliona. Kama si langu, ataona pia, na hatakuwa na neno.

Lifungue upya, mwanangu, na yeye awepo.

Baba yako

19 Februari

Binti yangu,

Hujambo? Sijapata barua yako, na simu inaita tu. Siulizi samaki, nakuuliza wewe.

Kwa kinyozi nimehama, maana kila nikikaa anauliza samaki wangu ameshabatizwa au bado. Sasa nanyolewa na mama yako. Usitake kujua nafanana na nini.

Baba yako

20 Mei

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Nisameheni kwa ukimya. Nilikwenda na meli kuvua samaki wengine, na nilikuwa naogopa kuwapa matumaini.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwomba yule mtaalamu achague samaki kwa mkono wake, azisome jeni kwenye maabara yake, bila kuambiwa yupi ni yupi. Amekuta koo mbili, kama mimi. Ameniandikia mwenyewe kwamba alikosea. Makala imekubaliwa, Baba. Samaki ni wangu kumpa jina.

Kisayansi jina huwa na sehemu mbili, ya kwanza ya ukoo mpana, ya pili yake mwenyewe. Ya pili nimeandika *barafu*. Wenzangu walipenda, wakisema inamfaa samaki wa chini ya barafu. Lakini kuna mstari wa kueleza jina limetoka wapi, na hapo nimeandika kwamba ndilo jina la baba yangu, fundi wa mafriji, kwa watu wa mtaa wake.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima kabisa, hata goti.

Barua yako nilimpelekea kinyozi aisome mwenyewe, kwa sauti, kibanda kimejaa. Alipofika kwenye jina akaisogeza barua karibu na macho. Akarudia mstari ule polepole, akaweka barua chini, akachukua wembe, akageukia kioo. Masharubu yamekwenda. Mkewe alipita mlangoni akamwamkia kama mgeni. Kisha akanikalisha kitini kurekebisha kazi ya mama yako.

Shangazi yako anapita nyumba kwa nyumba akieleza jeni, na ole wake atakayesema jini.

Mimi nililia, nisikufiche, nikiwa na shuka la kinyozi shingoni. Leo asubuhi mteja kapaza sauti kutoka barabarani, "Barafu!" Nimeitika kabla hajavuta pumzi.

Baba yako,
Barafu