Pengo la Lemein na Meno ya Meja

Mwaka umezunguka, Baba Resian, tangu ututoke, na mimi mkeo bado sijajua kukaa kitini.

Binti yetu Resian alinipa karatasi hii asubuhi akasema, "Mama, andika maneno ya kusomwa kwa maombi ya Papa saa nane. Fupi, tafadhali." Nimeandika mstari mmoja nikainuka kuangalia simu. Nimerudi nikaandika mwingine, nikaenda langoni. Kaka yako Katoo amefika kutoka Kisaju, ameketi hapa na chai yake akinitazama nikienda nikirudi. "Shemeji, utachimba mtaro kwa hiyo sakafu," ameniambia. Mwache acheke. Yeye hana mgonjwa.

Mimi niko naye. Ni Meja, kalunguyeye wako. Saa hii yuko kwa Daktari Wakhungu, yule wa mifugo hapa Kitengela, amelazwa kwa dawa ya usingizi ang'olewe meno, na Resian ndiye anamngoja. Kati ya siku zote, leo! Lakini daktari hakuwa na nafasi nyingine, na Meja hana nguvu za kungoja. Kwa hivyo leo nakukumbuka huku roho iko mkononi.

Watakaosikia haya na hawakukujua, wacha niwaambie. Ulikuwa Lemein, fundi wa kufunga seng'enge. Mtoto wa wafugaji, uliyekulia mahali ng'ombe walipita walikotaka, halafu ukapata ugali wako kwa kuzungushia watu waya kwenye ploti zao. "Nafunga nchi ya babangu kwa mkono wangu mwenyewe," ulikuwa ukisema, halafu unacheka mpaka pengo la meno yako mawili ya chini linaonekana lote. Kwa kila ua uliacha uwazi kidogo chini kwenye kona, wa kupitia sungura na kobe. Wenye ploti wakilalamika uliwaambia hao ndio wapangaji wa kwanza.

Meja ulimtoa kwenye waya, mguu wa nyuma umekatika nusu, ukamleta nyumbani ndani ya kofia yako. Mimi binti wa Ndeti, niliyelelewa Ukambani, nikasema mdudu wa miiba haingii nyumba yangu. Aliingia. Mguu ulipona ukiwa mfupi, na watu wa wanyamapori wakasema porini hataweza tena, abaki kwako. Ukamwita Meja kwa sababu kila jioni alikagua nyumba ukuta kwa ukuta, akichechemea, kama mkubwa wa askari asiyewaamini walinzi wake.

Jioni hizo ulikaa kwenye ngazi ya nyuma na mswaki wako wa mti. Ukimaliza meno yako, unazungushia kidole kitambaa chenye maji, unasugua yake. Kwa sisi wengine alikuwa mpira wa miiba tu. Kwako wewe alinyoosha shingo akafungua mdomo. Resian alikucheka, "Papa, hata mimi hukunisugua hivyo." Ukamjibu kwamba meno ya Meja hayaoti mara ya pili, na kwamba asiyeweza kusema anaumwa wapi lazima aangaliwe na mtu. Ulimtafutia wadudu wenye magamba magumu, wa kutafuna. Mkate ulimnyima, na maziwa pia, ingawa kwenu maziwa hayanyimwi mgeni.

Sasa hilo pengo lako. Miaka yote ya ndoa yetu nilikutania. "Nani aling'oa mlango akaacha fremu?" Nawe ulinieleza bila kuchoka kwamba uling'olewa ukiwa mdogo, kama wenzako wote, ili siku ugonjwa ukifunga taya, maziwa yapate pa kupitia. Nikasema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna hospitali.

Halafu waya ukakudunga mguu. Nilikuambia nenda udungwe sindano. "Ni mwiba tu, Nzembi." Woi, Lemein! Nimekusamehe mengi, lakini hilo neno bado. Bado nina hasira nalo hata nikiandika hapa. Pepopunda haikuuliza kama wewe ni mzee wa heshima. Asubuhi ile taya zako zilifungana kabisa, na huku Katoo akihangaika kutafuta gari, nilichukua kijiko kidogo cha chai nikakupitishia maziwa kwa lile pengo, tone kwa tone. Yalipita. Ulinitazama kama mtu aliyeshinda ubishi, nami nikakubali umeshinda. Hicho ndicho chakula cha mwisho ulichokula kwa mkono wangu. Hospitalini walijitahidi mpaka mwisho, Mungu akakuchukua.

Siku tuliyokuzika Meja alijikunja, na mwaka wote huu hakuna aliyemfungua mdomo. Resian alijaribu na kitambaa chako, mimi nikajaribu na pamba. Alitutolea miiba. Kwa hivyo hatukuona mambo yakiharibika ndani. Tuliona tu yalipotoka nje: harufu, mate, wadudu anawashika anawaangusha. Alikonda mpaka miiba ikawa mingi kuliko yeye. Na bado kila jioni alizunguka, njaa ikimsukuma, nami nikimfuata nyuma na sahani. Jirani angetuona angetuombea.

Daktari Wakhungu hakutuficha. Fizi zimeoza, alisema, meno yamelegea, na huyu hawezi kufunguka bila kulazwa kwa dawa. Kuna hatari asiamke. Asipong'olewa, njaa itammaliza. Resian akasema ang'olewe. Mimi nikakataa katakata. Nilisema, kalunguyeye bila meno atakula nini? Na akifia mezani huko, nitakuambia nini siku tukionana? Kati ya vitu ulivyoshika kwa mkono wako, yeye peke yake ndiye bado ana pumzi.

Katoo naye akaongeza chumvi. "Daktari wa meno, wa kalunguyeye? Mimi mwenyewe huyo daktari sijawahi kumuona!" Nikamwambia tunajua, tukikuangalia tunajua.

Juzi nilikuwa naosha vyombo nikakishika kile kijiko. Nilisimama nacho hapo, maji yakimwagika bure. Wazazi wako walikung'oa meno mazima, meupe, na walikupenda. Walitaka siku mbaya ikija uwe na mahali pa kulishiwa. Na mimi naogopa kung'oa mabovu? Nikamwita Resian mikono ikiwa na povu. "Mpigie daktari. Ang'olewe."

Ngoja, simu.

Si Resian. Ni mtu wa viti, anauliza hema liangalie upande gani. Nimemjibu vibaya, nitamwomba msamaha akifika. Katoo ameacha kunitania. Naona na yeye sasa anaangalia lango.

Simu tena. Ni Resian! "Mama, ameamka. Lakini amejikunja, hataki kula. Daktari amesema tumpe chakula laini, na asipokula leo tumrudishe haraka. Niko njiani."

Nimeacha karatasi hapa. Sasa nimerudi, Baba Resian, naandika haraka, usijali mwandiko.

Resian aliingia na kikapu wageni wakiwa tayari wameanza kukaa. Meja alikuwa ndani ya kofia yako, mpira mdogo, hasogei hatembei. Nilikoroga kile chakula laini na maji ya vuguvugu, nikaenda naye kwenye ngazi ya nyuma, pale pako. Nikachota kwa kile kijiko. Nikakiweka karibu na mahali nilipodhani ni pua, na kwa mara ya kwanza tangu uende sikuinuka. Mchungaji alikuja kuuliza kama tuanze, nikamwambia Mungu anaweza kungoja kidogo, ni kiumbe chake mwenyewe.

Nilianza kukuongelea wewe, kwa sauti. Nikamwambia mwenye hii kofia alikuwa mkaidi, hakusikia la mtu, na angekuwa hapa angenicheka. Machozi yakanitoka mbele ya watu wote, sikuyafuta. Miiba ikalegea kidogo. Pua ikatokea, ikanusa kijiko. Halafu akanyoosha shingo vile alivyokunyooshea wewe, akafungua mdomo.

Alilamba mpaka kijiko kikawa kitupu, nikachota tena. Na hapo nikaona: mbele, chini, mawili hayapo. Nilimwita Katoo aje aone. Akainama na fimbo yake, akatazama, halafu akasema, "Enkai, Mungu wangu! Sasa huyu ni wa kwetu kabisa." Akageuza uso asinionyeshe macho yake.

Kwa hivyo maombi yako yamechelewa, na mimi ndiye sababu. Mchungaji ananiita nilete karatasi.

Wanaokukumbuka leo ni mimi mkeo Nzembi, bintiyo Resian, mjukuu wako Naeku, kaka yako Katoo na jamaa wote wa Kisaju, shemeji zako Ndolo na Katee, na wenye ploti wa Kitengela ambao mpaka leo hawajaziba zile kona. Na Meja, amelala kwenye kofia yako, ameshiba.

Na mimi nimekaa kitini, Lemein. Kijiko kiko mapajani, hakijaoshwa. Kesho nitamlisha nacho, na keshokutwa, na kila nikikishika nitakukumbuka, daima.