Kwa Baba Bartolomayo Matonya wa Mkonze, Uliyesema "Bado"

Mvua za kupandia zimerudi Mkonze, baba, nazo zimetimiza mwaka tangu homa ikuchukue. Tumechoka. Mama amechoka zaidi, kwa kuwa mpaka leo vijana waliomaliza shule ya misheni wanapiga hodi wakikuulizia, na kila mmoja inabidi aelezwe upya kwamba hupo.

Wanataka kazi. Tangu reli ifike Dodoma kila kijana anayejua kusoma anataka ukarani, na wewe, mkalimani wa zamani wa boma, ndiye uliyekuwa ukiwapeleka kwa Mdachi wa stesheni. Hukumwuliza mtu anataka nini, ulimwuliza anaweza nini. Kisha ulimsimamisha mbele ya fahali wako mwekundu, amweleze kazi anayoijua bila kutazama chini.

"Huyu naye ana pembe na hana subira," ulisema. "Ukimzoea, bwana wa stesheni hatakutisha."

Mbaruku, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, alicheka hadi akakaa chini, na zamu yake ilipofika sauti ikamkauka. Leo yeye ndiye anayepokea simu za waya.

Neno lako lilikubalika kwa sababu hukumpaka mtu mafuta. Mwandiko mbaya ulisema ni mbaya. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ulituambia kila mara, nasi tuliitikia kama watu wasiojua kwamba zamu yao inakuja.

Ikawa zamu ya Yotham, mwanao wa pekee wa kiume. Alisimama stesheni, kanzu imenyooshwa, akijua kuwa baba hawezi kumwangusha mwanawe. Mdachi akakuuliza habari zake. Ukamtazama mwanao, ukasema, "Huyu bado. Hesabu zake zinateleza."

Yotham alihamia kwa mjomba wake Sila huko Makole, akawa mkata kuni za gari la moshi, na tangu siku hiyo hakukuamkia tena. Akikuona njiani alitazama kando. Mama alimsihi, mchungaji alimkanya, wapi! Viganja vilimchubuka, mgongo ukamuuma, lakini ile hasira ilimchosha kuliko shoka.

Hesabu tu hakuziacha. Kila Jumapili baada ya ibada dada yake Ruthu alimpelekea kibao chenye maswali, akisema kimetoka kwa mwalimu. Yotham aliyajibu kwa ukaidi, ili siku moja akuaibishe. Ruthu alikirudisha kibao, nacho hakikufika kwa mwalimu hata mara moja. Kilikuja kwako. Maswali yale uliyatunga wewe, umekaa kwenye kigoda mlangoni mwa tembe, kalamu ikikwaruza mpaka mama analalamika.

Jumapili moja ulikikagua kibao mara mbili, hukuona kosa. Kesho yake ukachukua fimbo, ukaenda mjini kwa miguu, na magoti yako yalikuwa yameshaanza kukusumbua. Hukutuambia una safari gani. Adhuhuri, ukirudi, ulikutana na Yotham penye njia nyembamba, mzigo wa kuni kichwani. Ulisimama pembeni kumpisha. Alipita, hakukuamkia. Wiki iliyofuata ukashikwa na homa, na hukuinuka tena.

Baada ya matanga Yotham aliitwa stesheni. Mdachi alimwonyesha meza yake, akamwambia, "Baba yako alikuja hapa. Alisema sasa anaweza." Yotham akauliza alikuja lini. Alipotajiwa ile Jumatatu, aliikumbuka njia nyembamba.

Sasa ni karani wa mizigo, na hesabu zake hazitelezi. Majuto ni mjukuu, na mwaka mzima tumemwona akimlea. Jana vijana wawili walipopiga hodi, mama aliinuka kwa uchovu kuwaambia kwamba hupo. Yotham akamtangulia mlangoni, akawauliza wanaweza nini, akawaongoza hadi kwa fahali.

Tunaokukumbuka ni mkeo Loisi, binti yako Ruthu, shemeji yako Sila, na vijana wote uliowasimamia. Siku zote umo mioyoni mwetu. Yotham ameomba neno la mwisho liwe lake, lile alilokunyima njiani.

Shikamoo, baba.