Kula ni Saa Sita

Garissa, Alhamisi, Juni 1995

Na bado anathubutu kusema sisi ndio hatutaki uchaguzi!

Asubuhi mwalimu wa zamu, yule mtu wa Machakos anayetucheka sisi Wasomali kila tukisema "biga" badala ya "piga", alitangaza gwarideni: "Leo kula ni saa sita. Nyote mfike." Tulijua viongozi wa wanafunzi watachaguliwa wiki hii, lakini siku hatukuambiwa. Tukafurahi kwamba leo tutakula mapema.

Saa sita tukapanga foleni mlangoni pa jikoni, sahani mkononi. Deqa wa Lafey, mgombea wetu mwenyewe, alisimama mbele yangu na kijiko chake. Kumbe wenzetu wa bara, waliouzoea ulimi wa mwalimu, wako ukumbini wananyoosha mikono. Alimaanisha kura! Kinywani mwake r hugeuka l.

Tulipofika mbio, mwenyekiti alikuwa ameshapatikana. Deqa ndiye aliyeahidi kupigania mfereji wa maji bwenini kwetu wasichana. Sasa tutaendelea kubeba ndoo kutoka mtoni, wallahi, mpaka tumalize chuo.

"Nyinyi hamna haja na uongozi," mwalimu akatuambia. "Mnajali tumbo tu."

Nami nikanyamaza. Niliogopa ataicheka b yangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata zile ndoo.

Kesho naenda kwa mkuu wa chuo, na huyo mwalimu awepo. Nitasema tunataka kubiga kura upya. Acheke b akipenda. Lakini r ataisikia.